Furaha Isiyoacha Mtu Njiani

Kuna maswali ambayo mtu huulizwa na mwalimu darasani, akayajibu kwa kalamu na kupewa alama. Tena kuna maswali ambayo mtu huulizwa na maisha, akayajibu kwa matendo, na alama zake huzisoma katika nyuso za watu wa nyumbani mwake. Swali la insha hii ni la aina ya pili. Je, mtu aliyejitwika wajibu wa kuwatunza wengine analazimika kuizika furaha yake? Na kama halazimiki, je, anayo ruhusa ya kuifuata furaha hiyo kama alivyoifuata alipokuwa peke yake? Wenye hekima wa mataifa mengi wamelijadili jambo hili kwa maneno makubwa. Mimi sina maneno makubwa. Swali hili lilinijia ndani ya gari, na gari lenyewe lilikuwa dogo.

Nilizaliwa Bokoli, katika nchi ya Bungoma, mahali ambapo mtu akisimama uani asubuhi huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini, na akiteremsha macho huona mahindi, miwa na maharagwe ya jirani zake. Watu wetu ni wakulima, na chombo kwao huhesabiwa kwa kazi yake. Baiskeli ni ya kubeba gunia, mkokoteni ni wa kubeba mavuno, na gari ni la kubeba watu wengi kadiri liwezavyo, na pengine kupita kadiri hiyo. Fikiri basi, msomaji, mshangao wa majirani mwaka 1991 nilipofika nyumbani na Toyota Celica jekundu, lenye milango miwili, refu mbele na fupi nyuma, limeinama chini kama chui anayenyemelea. Nilikuwa mwalimu kijana. Nililinunua likiwa limekwisha tumika, kwa akiba ya mshahara na mavuno ya mahindi ya misimu mitatu. Mzee mmoja alilizunguka mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, gunia litakaa wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilimhesabu mzee yule kuwa mtu asiyejua uzuri.

Sitaki kuikana furaha ile, maana insha inayoanza kwa uongo haiwezi kumalizika kwa hekima. Nililipenda gari lile. Jumamosi alfajiri nililiosha kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikashika barabara ya kwenda Kitale, nikapita Kamukuywa na Kiminini kabla jua halijawa kali. Nilijua sauti ya kila gia kama mchungaji ajuavyo kengele za ng'ombe wake. Mwaka 1994, Mkenya mwenzetu Ian Duncan aliposhinda mashindano ya magari ya Safari kwa Toyota Celica, nilitembea kijijini kana kwamba nimeshinda mimi, ingawa gari lake na langu yalifanana kwa jina zaidi kuliko kwa nguvu. Wala gari lile halikunifundisha majivuno tu. Lilinifundisha usafi, uangalifu na subira, kwa kuwa chombo cha mbio kikiendeshwa na mtu mzembe humwadhibu upesi. Asiyewahi kupenda kitu kwa namna hiyo hatafaidi sana maneno yanayofuata.

Nilioa, na mke wangu akaketi mbele pamoja nami. Tukapata watoto wawili, nao wakakaa nyuma, katika viti vilivyokuwa viti kwa jina, kwani mtu mwenye miguu mirefu hakuweza kuvitumia. Mpaka hapo sikuona dhiki. Mwaka 1996 ndugu yangu mkubwa alifariki. Mkewe alikuwa amemtangulia, na watoto wao watatu walibaki bila mzazi. Mkubwa wao alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako, wala haihitaji kikao kirefu kulijua hilo. Wakaja kwangu. Kwa siku chache nyumba ilipanuka: tulitengeneza vitanda, tukanunua sufuria kubwa, tukaongeza sahani na blanketi, tukapanda robo eka zaidi ya mahindi. Kila kitu kilipanuka isipokuwa gari.

Nilijipa sababu nzuri. Nilisema kwamba safari mbili fupi ni sawa na safari moja ndefu. Tukienda kanisani, sokoni au hospitalini, niliwapeleka kwanza mke wangu na watoto wadogo, kisha nikarudi kuwachukua wengine. Sikupanga kwamba watoto wa ndugu yangu ndio watakaongoja. Ila jambo likitendwa mara nyingi huwa sheria hata kama halikuandikwa, na sheria ya nyumba yangu ikawa kwamba wale waliokuja mwisho nyumbani ndio wa mwisho garini.

Siku moja ya Aprili 1997 tulikuwa tunarudi kutoka harusi ya jamaa zetu upande wa Webuye. Mawingu yalikuwa mazito. Tulipofika Misikhu, kando ya barabara kuu, niliona kwamba njia ya udongo iliyosalia ingelishinda gari lenye mzigo wote ule, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi. Nikamwomba yule mvulana mkubwa ashuke, angoje, nami nitarudi upesi. Akashuka bila neno. Mvua ikanyesha nilipokuwa bado njiani. Niliwafikisha wengine, na nilipogeuka kumrudia, gari lilizama katika tope. Nililisukuma, nikachimba kwa mikono, nikaita watu. Nilipofika Misikhu usiku ulikuwa umekwisha ingia. Nilimkuta amesimama chini ya upenu wa duka lililofungwa, ameloa, amekumbatia viatu vyake ili visiharibike. Nikaanza kumwomba radhi. Akanijibu bila hasira hata kidogo, "Usijali, baba mdogo. Wa mwisho huwa ni mimi. Nimekwisha zoea."

Laiti angenilaumu, ningaliweza kujitetea. Lakini mtu hujitetea namna gani mbele ya mtoto asiyemshitaki? Usiku ule sikulala. Nilijiambia kwamba gari ni langu, nimelinunua kwa jasho langu, na hakuna sheria ya nchi inayomlazimisha mtu kuuza mali yake kwa sababu haina nafasi ya kutosha. Yote hayo yalikuwa kweli. Hata hivyo niliona kwamba haki ni kama ua wa shamba: humwambia jirani mahali asipopaswa kupita, lakini haumwambii mwenye shamba apande nini ndani. Nilikuwa nimeulinda ua wangu vizuri, na ndani yake nilikuwa nimepanda upweke wa mtoto. Mtu angeweza kusema kwamba mvulana hakufa wala hakuugua. Ni kweli. Lakini alikuwa amejifunza cheo chake katika nyumba yangu, na mwalimu aliyemfundisha ni viti vya gari. Vyombo vyetu husema, vijana, hata sisi tunaponyamaza. Kiti kisichokuwapo humwambia mtu neno ambalo kinywa chako kisingethubutu kulitamka.

Juma la pili nililiuza gari. Naliweza kuishia hapa, nikasema kwamba wajibu ulishinda na furaha ikashindwa, nanyi mkaandika katika madaftari yenu kwamba mtu mwema hujinyima. Lakini kosa langu la pili lilikuwa mbele yangu bado, nalo lilikuwa gumu zaidi kulitambua kwa sababu lilivaa nguo za wema.

Nilikusudia kununua gari la mizigo, kuukuu, lenye turubai lililochanika, ambalo watu wangeketi nyuma juu ya mbao. Gari hilo halikuwa zuri kwa yeyote. Nililitaka kwa sababu lilikuwa baya. Nilitaka kujiadhibu, na nilitaka adhabu yangu ionekane. Kila jioni nilikaa mezani nikiguna. Redio ikitaja magari, niliizima. Wageni wakiuliza habari za Celica, nilijibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na watoto wote watano walinisikia. Nilikuwa nimetoa sadaka, kisha nikasimama kando yake ili kila mtu apitaye aione.

Mke wangu alinivumilia kwa siku nyingi. Mwishowe, watoto walipokwisha lala, aliniambia, "Baba watoto, umeliuza lile gari, lakini hujaacha kuliendesha. Kila jioni tunalisikia likinguruma hapa mezani. Watoto hawa wamempoteza baba yao, usiwaongezee deni. Ukinunua gari la majuto, watapanda majuto kila siku, na watajua ni nani aliyeiua furaha yako. Tafuta gari tutakaloenea sote, na wewe ulipende."

Maneno hayo yalinikata, maana yalikuwa kweli. Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Lakini kitendo nacho kina uso, na anayepokea huuona uso huo kabla ya kupokea. Atoaye huku amekunja uso hajatoa, amekopesha, tena kwa riba. Na mdaiwa wake ni mtoto ambaye hakuomba mkopo. Katika kosa la kwanza nilimwacha mvulana yule kando ya njia. Katika kosa la pili nilikuwa tayari kumchukua, kwa sharti kwamba ajihisi mzigo safari nzima. Sijui ni lipi kati ya makosa hayo lililokuwa jepesi kwake.

Nilipokuwa katika fikira hizo nilikumbuka Pasaka ya mwaka 1968. Nilikuwa mtoto wa miaka sita, na baba yangu alikuwa ameinamia redio kusikiliza habari za Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, mawe na tope la masika. Mwaka ule wa 1968 mvua iliyashinda magari karibu yote. Ni saba tu yaliyofika mwisho. Miaka mitano nyuma, mwaka 1963, yalifika saba vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na mwenziwe Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lao lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania, walishinda kwa gari la namna hiyohiyo. Baba alipiga goti kwa kiganja, akasema, "Gari la daktari limewashinda wote!" Alisema hivyo kwa sababu Peugeot 404 lilikuwa gari la milango minne, gari la watu wenye kazi na watoto, wala halikuundwa liwe chui. Mwaka 1975 ndugu yake mdogo, Peugeot 504, alishinda naye, akiendeshwa na Ove Andersson.

Sisemi kwamba gari la mbio halifai. Datsun 240Z, gari la viti viwili, lilishinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Nasema tu kwamba Peugeot ilinifumbua macho. Gari lile lilishinda kwa sababu zilezile zilizolifanya lipendwe na wenye familia: lilisimama juu ya mawe, springi zake zilikuwa ndefu na pole, na mwili wake ulivumilia. Yale yaliyomtuliza mama mwenye mtoto mapajani ndiyo yaliyompa dereva ushindi katika tope. Mimi nilikuwa nimedhani kwamba wajibu na furaha ni fahali wawili wasiokaa zizi moja. Kumbe yawezekana kuwafunga nira moja wakalima.

Nikanunua Peugeot 504 lenye mgongo mrefu na safu tatu za viti, jeupe, limetumika miaka mingi lakini injini yake nzima. Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kwenda kuona Makumbusho ya Kitale. Mke wangu aliketi safu ya katikati na wadogo, akamwambia yule mvulana mkubwa aketi mbele kando yangu. Tulipopita Kamukuywa nilibadili gia, na gari likapanda kwa sauti nzito, bila haraka, kama mtu mzima anayeimba. Mvulana akaniuliza kwa nini nimebadili hapo na si mbele kidogo. Nikamweleza. Kufika Kiminini alikuwa ameanza kutabiri gia kabla sijaishika, na nyuma wenziwe walikuwa wakimpigia makofi kila alipopatia. Jioni tuliporudi mvua ilitukamata tena katika njia ileile ya udongo. Gari lilikwama kidogo, wavulana wakashuka kusukuma, wakaanguka, wakacheka, wakapanda tena wakiwa wekundu kwa tope. Tulifika nyumbani sote kwa mara moja, sote wachafu. Hapakuwa na mtu wa mwisho.

Mwanafalsafa Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba wema hukaa katikati, baina ya kuzidi na kupungua. Wengi hudhani maana yake ni kugawanya nusu kwa nusu. Sivyo. Mwaka 1974 watengenezaji wa Datsun walitoa gari la 260Z ambalo walilirefusha kwa kadiri ya sentimeta 30 ili wapate viti viwili vidogo nyuma. Kwa hesabu, gari la wawili likawa la wanne. Lakini mtu mzima alikaa huko nyuma kwa taabu. Celica langu nalo lilikuwa na viti vya namna hiyo. Katikati ya hesabu si katikati ya wema. Anayempa kila mtu nusu ya alichohitaji huenda hajampa yeyote kitu.

Njia niliyoiona mimi ni ya kupepeta. Mkulima hatupi mavuno kwa sababu yana makapi, wala hali makapi kwa sababu yametoka pamoja na nafaka. Basi nilijiuliza: katika gari lile jekundu nilipenda nini hasa? Nilipenda ustadi wa kuendesha, uzuri wa barabara asubuhi, na fahari ya chombo kilichotunzwa. Hayo yote yalikubali kuhama. Yaliingia katika gari jeupe bila kulalamika. Nilipenda pia kutazamwa, na kutazamwa peke yangu. Hilo halikukubali kuhama, maana halikuwa na nafasi kwa mtu wa pili. Hilo ndilo nililopaswa kuliacha, nalo lilikuwa dogo kuliko nilivyohofu.

Mtu atauliza: je, kila furaha hupepetwa hivyo? La. Ziko hasara ambazo hubaki hasara. Wako wanaoacha masomo ili kuwalea wadogo zao, na hakuna Peugeot ya kuwarudishia miaka ile. Hao hatuwaambii kwamba hawakupoteza kitu. Tunawaheshimu kwa sababu walipoteza. Hata mimi, gari jekundu likipita mbio leo katika barabara ya Kitale, shingo yangu hugeuka bila kuniomba ruhusa. Sioni haya. Kutamani si kosa. Kumwacha mtoto mvuani kwa ajili ya tamaa hiyo ndilo kosa, na kumfanya alipe kila siku kwa kuwa hakuachwa ni kosa lililo jirani nalo.

Vijana wasomaji, huenda hamna gari, na wengi wenu hamtakuwa nalo kwa muda mrefu. Lakini kila mmoja wenu ana chake: mpira, gita, kitabu, au saa ya kukaa peke yake. Itafika siku ambayo watu watakaokutegemea watakuwa wengi kuliko viti ulivyo navyo. Siku hiyo utasikia sauti mbili. Moja itasema, "Ni changu." Nyingine itasema, "Ole wangu." Usiitii ya kwanza, kwa maana itaacha mtu njiani, usiitii ya pili, kwa maana itamchukua mtu huyo na kumfanya atamani kuachwa. Kizuri kula na nduguyo, walisema wazee. Nao hawakusema ukile ukilia.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto wanne. Si zamani sana aliniomba nifuatane naye Kitale kutazama gari alilotaka kulinunua. Muuzaji alifungua boneti mbele ili aisifu injini. Mwanangu hakwenda mbele. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia mpaka kiti cha mwisho kabisa, akaketi, akanyoosha miguu, akakaa humo kimya kwa muda. Kisha akatoka, akaja mbele, akaomba ufunguo ili aisikie injini.